Giaboksi ipi ya otomatiki iliyotumika itaimudu injini ya lita 6.0 kwenye pikapu ndogo?

Swali: Nina pikapu ya Chevrolet C1500 ya mwaka 1997, inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake, yenye injini ya lita 5.7 na giaboksi ya 4L60E ambayo imekwisha kufunguliwa mara mbili. Nimepata injini ya lita 6.0 aina ya LQ4 na nimeamua kuifunga. Karibu kila wiki navuta tela lenye uzito wa tani mbili na nusu. Difu yangu ina uwiano wa 3.42 na tairi ni 245/75R16. Nitafute giaboksi gani ya otomatiki iliyotumika yenye nguvu zaidi, na nitaijuaje kwamba ni nzima?

Jibu: Kwa kazi uliyoieleza, tafuta 4L80E iliyokuwa imefungwa nyuma ya injini ya lita 6.0 kama hiyo yako, kwenye gari la daraja la 2500 (zito kuliko 1500 yako) la kuanzia mwaka 1999 hadi 2006, lenye kuendeshwa na magurudumu ya nyuma. Unapoipata, usinunue giaboksi peke yake, bali nunua seti yake nzima: toki konveta (kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), bamba la flaiwili (linaloiunganisha konveta na krenki), bolti zake, fungu la waya na kompyuta. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa ni sababu za ushauri huo, pamoja na mambo mawili matatu yanayoweza kukuharibia kazi hata ukiwa na giaboksi bora kuliko zote.

Tuanze na majina, kwa sababu yanasomeka. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya gia, L inaonyesha kwamba giaboksi imelazwa kwa kufuata urefu wa gari, 60 au 80 ni daraja la uwezo, na E inamaanisha kwamba inaongozwa kwa umeme. Kwa hiyo 4L60E na 4L80E zote zina gia nne na zote zinahitaji kompyuta, lakini hazikujengwa kwa ajili ya mzigo mmoja. Kiwanda kiliipa 4L60E kikomo cha torki (nguvu ya kuzungusha) ya kuingia cha Nyutoni-mita 488 hivi, na 4L80E kikapewa 597. Sasa tazama injini zenyewe: 5.7 uliyonayo hutoa Nyutoni-mita zipatazo 447, na LQ4 hutoa zipatazo 488. Kwenye karatasi, basi, LQ4 na 4L60E zinatoshana kama kisu na ala yake, wala hakuna nafasi iliyobaki kwa ajili ya tela, mlima, joto au uchakavu.

Msomaji makini ataniuliza hapa mbona kiwanda chenyewe kiliwahi kufunga injini za lita 6.0 pamoja na giaboksi za familia hiyo hiyo ya 60. Ni kweli. GMC Yukon Denali na Cadillac Escalade za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipewa 4L65E, ambayo ni 4L60E iliyoimarishwa kwa kuongezewa, pamoja na mengine, seti za gia za sayari zenye pinioni tano badala ya nne. Kama pikapu yako ingekuwa ya kubebea watu na mizigo ya nyumbani, ningekuambia uchukue hiyo, kwa kuwa inaingia pale pale ilipotoka 4L60E bila kugusa propela shafti wala kuhamisha kraosimemba, ule mhimili wa fremu unaoishikilia giaboksi. Lakini wewe unavuta tani mbili na nusu kila wiki, na giaboksi yako imekufa mara mbili mbele ya injini ndogo kuliko hii unayoileta. Sehemu za ndani zinazoshindwa kwanza katika familia hiyo zinajulikana: pleti za klachi ya gia ya 3 na ya 4 huungua, na kikombe cha gia ya jua hukatika meno yake, na hapo gari hupoteza gia ya 2, ya 4 na rivasi kwa pamoja huku ya 1 na ya 3 zikiendelea kufanya kazi. Waulize waliokufungulia giaboksi mara zile mbili walikuta nini. Wakikuambia ni pleti za 3 na 4 zilizogeuka mkaa, basi umekwisha kupata ushahidi kwamba tatizo ni mzigo na joto, si bahati mbaya.

4L80E ni mtoto wa TH400, giaboksi ya gia tatu ambayo General Motors ilianza kuitumia mwaka 1964 na ambayo ilijijengea sifa ya kutokufa. Gia zake tatu za kwanza zina uwiano ule ule wa TH400, yaani 2.48, 1.48 na 1.00, kisha ikaongezewa ovadraivu (gia ya juu ya kupunguza mizunguko ya injini) ya 0.75 na klachi ya kufunga toki konveta ili isiteleze. Ilianza kufungwa kwenye magari ya mwaka 1991, na tangu hapo ikabeba injini za lita 5.7, 6.0 na 7.4, pamoja na dizeli ya lita 6.5. Ina uzito wa karibu kilo 107 bila oili, wakati 4L60E ina karibu kilo 68. Tofauti hiyo ni ya chuma halisi, na mtu aliyewahi kuzibeba zote mbili hahitaji kuonyeshwa vipimo.

Kuna wengine watakaokushawishi uchukue TH400 yenyewe kwa hoja kwamba haina kompyuta. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: mabadiliko ya gia huongozwa na shinikizo la oili, gavana inayofuata mwendo wa gari na modyuleta inayofuata vakyumu ya injini, na fundi yeyote mzoefu anaielewa. Lakini haina ovadraivu wala haifungi toki konveta, na kwa mtu anayesafiri na tela hasara hizo mbili hulipwa kwa mafuta na kwa joto la oili kila siku. TH350, nayo ya gia tatu, ni nyepesi mno kwa kazi hii. 700R4 ni baba wa 4L60E, ina udhaifu ule ule, na juu ya hayo ina kebo ya pedeli ambayo ikirekebishwa vibaya huunguza pleti kwa muda mfupi sana. Giaboksi za gia sita, 6L80 na 6L90, ni nzuri na ya pili ni imara kweli kweli, ila kompyuta yake imo ndani, juu ya sampu (beseni la chini la oili), na inatarajia kuzungumza na kompyuta ya injini ya kizazi kilichofuata baada ya LQ4 yako. Inawezekana kuzipatanisha, lakini hapo umeanzisha mradi wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza. Ama E4OD ya Ford na 47RE ya Dodge, ambazo nazo zina nguvu, kengele zake (sehemu pana ya mbele inayofungwa kwenye injini) hazilingani na tundu za injini ya Chevrolet, na adapta itakugharimu nafasi na pesa ambazo ungezitumia kwenye kitu chenye manufaa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo litakaloamua kama utaifurahia giaboksi mpya au utaijutia. Gia ya 1 ya 4L60E ina uwiano wa 3.06, na ya 4L80E ni 2.48. Ukizidisha kwa difu yako ya 3.42, gari lako la sasa linaondoka likiwa na uwiano wa jumla wa 10.47, na ukifunga 4L80E bila kugusa difu utabaki na 8.48. Hiyo ni pungufu ya karibu moja ya tano ya nguvu ya kuondokea, na utaisikia siku ya kwanza utakapotaka kung'oa tela kwenye kilima. Injini kubwa zaidi itafidia sehemu tu ya pengo hilo, kwa sababu ongezeko lake la torki halifiki hata asilimia kumi. Ndiyo maana watu hufunga giaboksi imara, kisha wakalalamika kwamba gari limekuwa zito. Gari halikuwa zito; ni hesabu ambayo haikufanywa.

Dawa yake ni difu. Ukiweka 3.73 utapata 9.25 kwenye gia ya kwanza, na ukiweka 4.10 utapata 10.17, ambayo iko karibu kabisa na ulichozoea. Upande wa mwendo wa barabara kuu, kwa tairi zako zenye kipenyo cha milimita 774 hivi, hesabu iko namna hii: kwa kilomita 100 kwa saa, leo injini yako inazunguka kama mara 1,640 kwa dakika ikiwa kwenye ovadraivu. Ukiwa na 4L80E na difu ya 3.42 itazunguka 1,760, kwa 3.73 itakuwa 1,920, na kwa 4.10 itafika 2,110. Hakuna namba hata moja kati ya hizo inayoidhuru LQ4, ambayo kilele cha torki yake kiko juu zaidi, kwenye mizunguko 4,000. Kwa hiyo kwa mvuta tela ningechagua 4.10 bila kusitasita, na kwa mtu anayevuta mara moja moja ningemwachia 3.73. TH400 niliyoitaja hapo juu, ikiwa na difu hiyo ya 4.10, ingeizungusha injini yako mara 2,810 kwa mwendo ule ule, na hapo utaona kwa nini niliiweka kando.

Hasara hiyo ya gia ya kwanza ina fidia moja ambayo haitajwi mara nyingi. Kutoka gia ya 1 kwenda ya 2, 4L60E huishusha injini hadi asilimia 53 ya mzunguko iliokuwa nao, wakati 4L80E huishusha hadi asilimia 60 hivi. Ukibadilisha gia kwenye mizunguko 4,000, ya kwanza inakutupa kwenye 2,130 na ya pili inakushusha hadi 2,390 tu. Ukiwa na mzigo mlimani, mizunguko hiyo 260 ndiyo inayotenganisha injini inayoendelea kuvuta na injini inayohema.

Nilisema ununue seti, na sababu iko kwenye kitako cha krenki, yaani mwisho wake wa nyuma ambapo bamba la flaiwili hufungwa. Injini za kizazi cha LQ4 zina kitako cha krenki kilichoingia ndani kwa milimita 10 hivi ukilinganisha na injini za zamani za Chevrolet kama 5.7 yako. Ukifunga 4L80E ya zamani, tuseme ya nyuma ya 7.4 ya mwaka 1995, pamoja na toki konveta yake na bamba lake la flaiwili, pua ya konveta haitaegemea vizuri ndani ya krenki na bamba halitaifikia, hivyo utahitaji kipande cha kujazia na bolti ndefu zaidi. Isitoshe, LQ4 za mwaka 1999 na 2000, zile zenye vichwa vya silinda vya chuma cha kutupwa, zilikuwa na krenki yenye kitako kirefu zaidi kuliko zilizofuata. Pima kwanza yako ni ipi kabla ya kununua chochote. Ukipata seti kamili kutoka gari moja yenye injini ya mwaka unaolingana na wako, maswali hayo yote yanajifuta yenyewe, kwa sababu kiwanda kilikwisha kuyajibu.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ile iliyo kwenye pikapu yako ya 1997 haiwezi kuiendesha LQ4, kwa hiyo utahitaji kompyuta ya LQ4 kwa vyovyote vile. Basi chukua iliyokuwa imeandikiwa programu ya 4L80E. Giaboksi hii hutumia sensa mbili za mzunguko, moja ya shafti inayoingia na nyingine ya shafti inayotoka, wakati 4L60E hutumia ya kutoka peke yake, na plagi zake za umeme hazifanani. Kompyuta iliyoandikiwa 4L60E ikifungwa na 4L80E itaamuru solenoidi kwa mpangilio usio wake, na utapata giaboksi nzima yenye tabia za giaboksi mbovu. Ukibadilisha difu, aliyekuandikia programu aingize pia uwiano mpya, vinginevyo spidomita itadanganya na mabadiliko ya gia yatakuja wakati usio wake.

Huko kwenye yadi ya magari yanayovunjwa, kuitambua ni rahisi. Hesabu bolti za sampu: 4L60E ina 16, na 4L80E ina 17. Tazama mashimo mawili ya mabomba ya kupoza oili: kwenye 4L80E za hadi mwaka 1996 yako karibu karibu upande wa mbele, na kuanzia 1997 moja lilirudishwa nyuma ili oili iliyopozwa ifike kwanza kwenye gia za nyuma. Chukua hiyo ya mpangilio wa pili. Tazama pia mkia: giaboksi iliyotoka kwenye gari la fowili ina mkia mfupi uliotengenezwa kupokea kesi ya kugawia nguvu, na shafti yake ya kutokea haikufai bila kufungua giaboksi nzima. Baadhi ya zilizotoka kwenye magari mazito zaidi zina yoki (kiungo cha kushikia propela shafti) iliyofungwa kwa bolti badala ya yoki inayoteleza. Hizo zinatumika, lakini propela shafti yako itabidi iwe na sehemu yake ya kuteleza. Gari za abiria na mizigo za Chevrolet Express za 2500 na 3500 ni chimbuko zuri, kwa kuwa zilizo nyingi zinaendeshwa na magurudumu ya nyuma, ingawa nyingi pia zimefanya kazi ya punda. Usivutiwe na ile iliyotoka kwenye Jaguar au Bentley ya miaka ya 1990, ambazo nazo zilitumia 4L80E, kwa sababu jina ni moja lakini haikutengenezwa kwa ajili ya injini ya Chevrolet.

Kama gari inakotolewa giaboksi bado linawaka, umepata bahati ambayo hupaswi kuipoteza. Liendeshe hadi oili ipate moto kweli, kwa kuwa giaboksi nyingi mbovu hujificha zikiwa baridi. Kutoka N kwenda R inapaswa kushika ndani ya sekunde moja au mbili. Ikichelewa zaidi, sili za ndani zimekauka au shinikizo limeshuka. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa kwa mwendo usiobadilika, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku pedeli ya mafuta ikibaki pale pale: mizunguko ya injini inapaswa kupanda kwa mia kadhaa, kisha irudi chini baada ya kuachia breki. Hiyo ni klachi ya toki konveta ikifunguka na kufunga, na isipofanya hivyo usiamini maelezo yoyote ya muuzaji.

Kama giaboksi iko chini tayari, fungua sampu. Muuzaji anayekukatalia kufungua sampu amekwisha kukujibu. Ukungu mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Unga mweusi mwingi wenye harufu ya kuungua ni pleti, vipande vya rangi ya shaba au dhahabu ni bushi, na chembe za alumini zinazong'aa ni mwili wenyewe unaoliwa. Itikise shafti ya kuingilia kwa mkono: kucheza kidogo kwenda mbele na nyuma kunakubalika, lakini isicheze ovyo kwenda pembeni. Tazama shingo ya toki konveta pale inapoingia kwenye pampu. Iwe laini, isiwe na mifereji wala rangi ya buluu ya joto. Oili nyekundu safi kupita kiasi kwenye gari lililochakaa nayo ni ya kutilia shaka, kwa sababu mara nyingi imebadilishwa jana.

Hata ikipita majaribio yote hayo, ningekushauri ubadilishe sili ya mbele, sili ya nyuma, chujio na gasketi ya sampu ikiwa bado mezani, kwa kuwa kazi hiyo ya saa chache juu ya meza ni ya siku nzima ikishafungwa.

Wakati wa kufunga, toki konveta ndiyo inayoua giaboksi nyingi kabla hazijatembea hata mita moja. Isukume na kuizungusha mpaka isikike ikiingia kwa hatua zake zote na meno yake yashike pampu. Kengele ikikutana na injini, konveta inapaswa kubaki huru, ikizunguka kwa mkono, ikiwa na nafasi ya kama milimita 3 hadi 5 kabla ya kugusa bamba la flaiwili. Ikiwa unalazimika kuvuta kengele kwa bolti ili ikae, simama, kwa sababu hapo unavunja pampu. Mimi mwenyewe, zamani nikiwa na haraka, nilikaza bolti mbili za mwisho kwa nguvu nikidhani ni kutu, na nikalipa kwa pampu nzima.

Propela shafti itahitaji kufupishwa, kwa kuwa 4L80E ni ndefu kuliko uliyonayo, na yoki yake ni ya meno 32 badala ya 27. Usiipime mpaka giaboksi imefungwa kwenye kraosimemba, ambayo nayo itarudi nyuma na huenda ikahitaji mashimo mapya kwenye fremu, na gari limekaa kwa magurudumu yake yote chini.

Katika suala la kupoza oili sikubaliani na njia za mkato. Kama giaboksi yako iliungua mara zile mbili, basi rejeta ya oili na mabomba yake vimejaa unga wa pleti na chuma, na huwezi kuusafisha wote kwa kupuliza hewa. Weka rejeta mpya ya oili, kubwa, mbele ya rejeta ya maji, na ubadilishe mabomba. Weka pia geji ya joto la oili. Kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi uko salama, na ukiona inapita 120 ukiwa na tela, punguza mwendo, shuka gia moja ili konveta isiteleze, au simama.

Giaboksi iliyokauka huchukua karibu lita 13 za oili, na Dexron VI inafaa, kwani ilitengenezwa ichukue nafasi ya Dexron III. Mimina sehemu kubwa, washa injini, pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi, kisha ongeza kidogo kidogo huku injini ikiwaka na gari liko sawa chini. Tembea kilomita 500 za kwanza bila tela, ukikagua mabomba na sili ya nyuma kila unapolala, halafu fungua sampu tena uone sumaku inakuambia nini.